Wasikh, mzaha na heshima: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huniijia kutoka kila upande: jirani anayekwenda arusi ya bosi wake, dereva aliyekula bure Makindu na mpaka leo haamini, kijana aliyetuma kichekesho kwenye kundi la WhatsApp akanuniwa. Mimi si Msikh. Nimekaa nao, nimekula kwao kupita kiasi, na nimewauliza mengi hadi baadhi yao wakanichoka. Penye mambo mengi nimejibu kwa kirefu. Kwingine nimepita haraka.

Hivi Wasikh wana utani kweli? Mbona wanaonekana wakali?

Kilemba, ndevu na bangili ya chuma humfanya mgeni adhani amekutana na askari wa mfalme. Kaa naye nusu saa kwanza. Wapunjabi, watu wa Punjab kaskazini mwa India iliko asili ya Wasikh, ni watu wa sauti kubwa na kicheko kikubwa zaidi. Watamtania baba mkwe, mbunge, kijiji cha jirani, na watajitania wenyewe kabla hujawahi. Mchekeshaji Jaspal Bhatti, aliyefariki 2012, alijipatia jina India nzima kwa kuwacheka watumishi wa serikali na ukiritimba wao, kilemba kikiwa kichwani. Mwandishi Khushwant Singh, aliyeishi kutoka 1915 hadi 2014, aliandika historia nzito ya Wasikh na pia vitabu vya vichekesho kuhusu Wasikh. Alisema wazi kwamba hana uhakika kama Mungu yupo, lakini kilemba hakukivua wala ndevu hakunyoa.

Kila sala ya pamoja humalizikia kwa kuomba *chardi kala*, yaani moyo unaopanda hata mambo yakiwa yanashuka. Mzaha wao umekaa humo.

Mpaka upo, tena mmoja. Mtu yeyote anaweza kutaniwa, na mwenyekiti wa kamati ya gurudwara, nyumba yao ya ibada, ndiye wa kwanza. Guru, yaani mwalimu mkuu wa dini yao, hataniwi. Na Guru wa Wasikh, tangu 1708, ni Kitabu, Guru Granth Sahib. Ukilishika hilo utaelewa pia kwa nini wanagombana wao kwa wao kuhusu mambo yanayomshangaza mtu wa nje: kiti, taa, kitambaa, tarehe. Wote wanakubali kwamba kuna mpaka kati ya mtu na Guru. Hawakubaliani unapita wapi.

Ndani ya Kitabu chenyewe kuna mzaha?

Upo, na ndio sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Guru Granth Sahib ina kurasa 1,430, karibu zote mashairi ya kuimbwa. Guru Arjan, wa tano, alikamilisha mkusanyo wa kwanza mwaka 1604. Hakuweka maneno ya Maguru peke yao. Humo yumo Kabir mfumaji wa nguo, Ravidas fundi wa ngozi, Sheikh Farid ambaye ni sufii Mwislamu, na Dhanna mkulima. Hawa hawakuwa watu wa kuchagua maneno.

Kabir anawageukia watawa wa zamani zake wanaotembea uchi na kunyoa vichwa, anawaambia: kama kwenda uchi ndiko kunakomfikisha mtu kwa Mungu, basi paa wote wa porini wamekwisha kufika. Wanyoaji nao hawapati jibu la heshima zaidi. Kwingine anamgeukia Mungu mwenyewe. Mwenye njaa hawezi kuabudu, anasema, chukua tasbihi yako. Kisha anaanza kuhesabu mahitaji: unga kiasi hiki, samli kidogo, chumvi, dengu za kutosha milo miwili, kitanda chenye miguu minne, mto, godoro na shuka la kujifunika. Ni orodha ya dukani, imewekwa katika Kitabu kitakatifu, na Kitabu chote hubebwa kichwani.

Dhanna anamzidi. Anaomba dengu, unga, samli, viatu, nguo nzuri, nafaka, ng'ombe na nyati wa maziwa, farasi jike aliye bora, na mwisho kabisa mke mwema wa nyumbani. Shairi hili halikufichwa kwenye kona. Ni sehemu ya *Arti*, nyimbo za jioni zinazoimbwa kwa harmoniamu na tabla, watu wamesimama mikono imekutana kifuani. Niliwahi kumwona mzee mmoja wa mstari wa mbele akitabasamu wimbo ulipofika kwenye nyati, kisha akaurudisha uso wake mahali pake.

Kwa hiyo mtu akikwambia dini hii haina nafasi ya kicheko, mwambie akasome anachoimba Dhanna.

Mbona kitabu kinatendewa kama mtu mwenye cheo?

Kwa sababu kwao kina cheo. Guru Gobind Singh, wa kumi, kabla ya kufariki huko Nanded mwaka 1708, alikata mstari wa Maguru wa kibinadamu na kukabidhi uguru kwa Granth. Tangu hapo Kitabu kinakaa juu ya mito, chini ya chandarua, kimefunikwa vitambaa vizuri, na nyuma yake anakaa mtu anayepunga usinga kama ilivyofanyika mbele ya wafalme. Alfajiri hufunguliwa kwa sala, usiku hulazwa. Kikihamishwa, hubebwa kichwani. Kikichakaa hakitupwi wala hakiuzwi karatasi za kufungia karanga. Huchomwa kwa heshima, kama wanavyochomwa wafu wao.

Mahakama ya juu kabisa ya India iliamua mwaka 2000 kwamba Guru Granth Sahib ni mtu kisheria: anaweza kumiliki mali. Na Agosti 2021, Wasikh walipokuwa wanaikimbia Kabul, walikuja Delhi na nakala tatu za Granth, na picha zilionyesha waziri wa serikali ya India akitoka uwanja wa ndege amebeba moja kichwani.

Ukiwauliza, watakwambia hawaabudu karatasi wala wino, wanayainamia maneno. Hata hivyo wako Wasikh wanaonong'ona kwamba mablanketi ya msimu wa baridi na kiyoyozi cha msimu wa joto, vyote kwa ajili ya Kitabu, vimepita kiasi. Wengine husikia maneno hayo kama matusi. Hapo ndipo mabishano yanapoanzia.

Nimealikwa gurudwara. Nifanyeje?

Vua viatu. Funika kichwa, mwanamume kwa mwanamke. Mlangoni kuna kapu la leso, ingawa kofia ya mpira wa miguu haipendezi. Usiingie na sigara, tumbaku wala pombe, hata mfukoni. Nawa mikono. Utawaona watu wakipiga magoti na kugusa sakafu kwa paji la uso mbele ya Kitabu. Wewe mgeni hulazimishwi, simama kwa adabu kidogo kisha ukakae chini. Usinyooshe miguu kuelekea kwenye Kitabu.

Mwishoni atapita mtu na beseni la *karah prashad*, halua ya unga wa ngano, sukari na samli kwa vipimo sawa. Pokea ukiwa umekaa, viganja viwili vimekutana kama bakuli. Ni ya moto na samli itakuachia mikono inang'aa. Wenyeji huimalizia kwenye mikono yao na baadhi ya wazee kwenye ndevu. Ukiona ni nyingi sema "kidogo". Kukataa kabisa hakupendezi.

Kisha chakula, *langar*. Mnakaa mstari mmoja sakafuni, tajiri na mzegamzega. Chapati hupokewa kwa mikono miwili. Usibakize.

Nikicheka ndani ya ukumbi?

Hakuna atakayekutoa. Watoto wanakimbizana, shangazi wanaulizana habari za arusi, na kuna mzee ambaye kila Jumapili husinzia palepale. Wakati mmoja tu usicheze nao: *Ardas*, sala ya pamoja, wakati wote wamesimama kimya.

Maguru wenyewe walitania?

Simulizi za maisha ya Guru Nanak (1469–1539) zimejaa hayo. Maarufu zaidi ni ya Hardwar, penye mto Ganga. Aliwakuta mahujaji wamesimama majini wakirusha maji kuelekea mawio ya jua, yawafikie mababu zao waliokufa. Nanak akageuka akaanza kurusha upande wa magharibi, kwa bidii. Wakamcheka, wakamuuliza anafanya nini. Akajibu anamwagilia shamba lake Punjab. Shamba gani litafikiwa na maji kutoka hapa? Naye akashangaa: kama yenu yanafika kwa mababu huko kusikojulikana, yangu yatashindwaje kufika Punjab? Aliyekulia hadithi za Abunuwasi ataitambua mbinu mara moja, isipokuwa Nanak hakuwa anatafuta cha kula.

Ya Guru Gobind Singh ni kali zaidi. Inasimuliwa kwamba alimvika punda ngozi ya chui mkubwa akamwachia mashambani. Watu wakakimbia, punda akala alivyotaka, mpaka siku alipowasikia punda wenzake, naye akalia. Wanakijiji wakarudi na fimbo. Guru akawaambia wafuasi wake: nimewapa sura ya simba, msije mkalia. Wahubiri huitumia hadi leo kumsema kijana aliyefunga kilemba kizuri na ndani yake hamna kitu, na ukumbi huwa unacheka, kila mtu akimfikiria jirani yake.

Nimesikia kuna Wasikh wenye lugha yao ya mafumbo. Ni kweli?

Hao ni Nihang, wapiganaji wa nguo za buluu, vilemba virefu vilivyozungushwa pete za chuma. Katika karne ya 18 watawala wa Punjab waliwawinda Wasikh na kulipa fedha kwa kila kichwa. Makundi yakajificha porini, mara nyingi bila chakula, na huko ndiko ilikokomaa lugha ya kujitapa.

Msikh mmoja akitokea, husemwa wamefika laki moja na robo, yaani 125,000. Adui anayesikiliza gizani na ahesabu mwenyewe. Dengu za kukaanga ni lozi. Kitunguu ni fedha. Pilipili ni mwanamke mgomvi. Mwenye jicho moja huitwa mwenye macho laki, na kiziwi huambiwa yuko ghorofani. Aliyekufa amekwenda vitani.

Sijui mzaha mwingine uliofanya kazi nzito hivyo. Mtu amekaa chini ya mti, ana konzi ya dengu, anamkaribisha mwenzake kula lozi. Nihang wa leo bado huyatumia maneno haya, na ukienda Anandpur wakati wa Hola Mohalla, sikukuu ya mwezi Machi yenye mbio za farasi na michezo ya silaha, utayasikia yakipigwa kelele kutoka juu ya farasi.

Vichekesho vya Santa na Banta ni matusi?

Inategemea mdomo unaosema. Santa Singh na Banta Singh ni wahusika wa vichekesho vya India, wazito wa kuelewa, wepesi wa kujibu. Wasikh wenyewe ndio mafundi wa kuwasimulia. Wanapogeuzwa kuwa silaha ya kumchekea mtoto wa kilemba darasani, mambo hubadilika.

Kuna kingine cha "saa sita mchana": India huambiwa kwamba Msikh hurukwa na akili ikifika saa hiyo. Wao wanajibu kwa simulizi yao: mwaka 1739 Nadir Shah wa Uajemi alipoipora Delhi, Wasikh walikuwa wakiuvamia msafara wake saa sita usiku na kuwakomboa wanawake waliotekwa, ndipo watu wakaanza kusema saa ya Wasikh imefika. Wanahistoria hawaitegemei sana simulizi hiyo, lakini kama jibu la kumnyamazisha mtu mezani, haina mfano.

Mwaka 2015 wakili mmoja Msikh alipeleka maombi kwenye mahakama ya juu kabisa ya India akitaka vichekesho hivyo vizuiwe. Februari 2017 majaji wakasema hawawezi kuwawekea raia mwongozo wa tabia. Nadhani walisema sawa. Kichekesho kilichopigwa marufuku na mahakama hupata miguu mirefu zaidi.

Na "Kalasinga", je?

Inasimuliwa kwamba ni jina la Kala Singh, mfanyabiashara wa siku za mwanzo za reli, likageuka kuwa la wote. Wazee wengi wa Nairobi halijawasumbua. Wamelizoea tangu utotoni na baadhi hujiita hivyo kwa majivuno, hasa wakikumbuka Joginder Singh wa Kericho aliyeshinda Safari Rally mwaka 1965, 1974 na 1976. Vijana hawafanani. Mimi husema Msikh, na mtu nisiyemzoea humwita Bwana Singh au Sardarji. Mwanamke huwa na jina la Kaur.

Kwa nini mji mmoja una gurudwara tatu nne?

Kwanza, historia. Reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu, iliyojengwa 1896 hadi 1901, ilileta vibarua takribani 32,000 kutoka India, wengi wao wa Punjab. Miongoni mwa Wasikh waliobaki au waliofuata, mafundi walikuwa wengi: maseremala, wahunzi, waashi. Hao ni Ramgarhia, wanaojiita kwa jina la Jassa Singh Ramgarhia, kamanda wa karne ya 18. Wakajenga gurudwara yao Nairobi. Singh Sabha, kundi lingine, wana yao. Wanamdhari, nitakaowaeleza mbele, nao hivyo hivyo. Maguru walikataa matabaka, kila Msikh atakwambia hivyo, na kila Msikh anajua gurudwara ipi ni ya nani. Ukiuliza vizuri utapata kicheko chenye aibu ndani yake.

Pili, ibada zenyewe hazifanani. Baba Puran Singh, aliyeishi Kericho miaka mingi, alihamia Uingereza na kuanzisha Birmingham jumuiya inayojulikana kwa nidhamu kali, utumishi wa bila malipo na usomaji wa Kitabu usiokatika. Kusoma Granth mwanzo hadi mwisho bila kusimama, kwa kupokezana, huchukua saa 48.

Nani hasa ni Msikh kamili? Wengine wamenyoa.

Hapa utasikia majibu mengi kuliko watu uliowauliza.

Kuna aliyebatizwa kwa *amrit*, maji ya sukari yaliyokorogwa kwa upanga. Huyo hubeba alama tano: nywele zisizokatwa, kitana, bangili ya chuma, kisu na suruali fupi ya ndani. Kuna anayefuga nywele na kufunga kilemba lakini hajabatizwa. Kuna anayenyoa na bado haikosi Jumapili. Mwongozo rasmi, Sikh Rehat Maryada, uliopitishwa Amritsar mwaka 1945, unasema Msikh humwamini Mungu mmoja, Maguru kumi, Granth na ubatizo huo, wala hafuati dini nyingine.

Baada ya hapo njia zinaachana. Akhand Kirtani Jatha, jumuiya inayofuata nyayo za Bhai Randhir Singh, hushikilia kwamba moja ya zile alama tano ni kilemba kidogo badala ya nywele zenyewe, kwa hiyo wanawake wao hufunga kilemba sawa na wanaume. Hula katika vyombo vya chuma na hukesha wakiimba usiku kucha. Wanamdhari huvaa nyeupe, hufunga kilemba kilicholala bapa kwenye paji, huozesha wakizunguka moto, na huamini kwamba mstari wa Maguru hai haukukatika 1708. Kwa Wasikh wengine jambo hili la mwisho ni zito kabisa. Lakini hata wanaowapinga husimama kwa heshima wakitajwa Wanamdhari 66 ambao Waingereza waliwaua Malerkotla Januari 1872, wengi kwa kufungwa kwenye midomo ya mizinga.

Nyama wanakula au hawali?

Langar kwa kawaida haina nyama, ili kila mtu wa kila dini aweze kula. Nyumbani ni shauri lingine: wapo wasioigusa, wapo wanaoichoma kila Jumamosi. Mwongozo wa 1945 unamkataza aliyebatizwa nyama iliyochinjwa kwa taratibu za Kiislamu. Nihang huchinja mbuzi kwa pigo moja la upanga. Wao pia hunywa bangi iliyosagwa na lozi, desturi ya vitani, huku tumbaku ikiwa haramu kwao kama kwa wengine. Mkumbushe Msikh wa mjini jambo hilo na utaona anavyobadilisha mazungumzo.

Ni kweli waligombana kwa ajili ya viti?

Kweli kabisa. Kanada, katika jimbo la British Columbia, baadhi ya gurudwara zilikuwa zimeweka meza na viti kwenye chumba cha kulia kwa miaka mingi. Baridi, wazee wenye magoti mabovu. Wengine wakasema langar ni kukaa chini, wote sawa, na kiti kinaua maana yake. Januari 1997 ugomvi ulifikia ngumi na silaha katika gurudwara moja ya Surrey. Mwaka uliofuata Akal Takht, mamlaka yao ya juu huko Amritsar, ikatoa amri: meza na viti viondolewe. Waliokataa wakatengwa.

Ni rahisi kucheka. Mimi mwenyewe nilicheka nilipoisikia. Lakini watu waliovuka bahari wakabaki na vitu vichache vya kwao, kila kimoja huwa kizito mno, na kwenye kamati za gurudwara kulikuwa pia na siasa za Punjab na fedha za sadaka. Siku hizi gurudwara nyingi huweka mabenchi machache kando kwa wasioweza kukunja magoti, na hakuna anayepigana.

Kuna kitabu cha pili?

Upo mkusanyo uitwao Dasam Granth, unaohusishwa na Guru Gobind Singh. Sehemu yake inasomwa kila siku na waliobatizwa, hiyo haina ubishi. Tatizo ni sehemu ndefu ya hadithi zaidi ya 400 za hila za mapenzi, wake wajanja na waume waliochezewa, nyingine za kumfanya mhubiri akohoe. Je, Guru aliandika haya? Wengine husema ndiyo, ni mafunzo kwa askari vijana. Wengine husema washairi wa barazani kwake. Mwaka 2010 mwimbaji maarufu wa dini, Profesa Darshan Singh, alitengwa kwa aliyoyasema juu ya kitabu hiki.

Katika madhabahu za Patna na Nanded huwekwa karibu na Guru Granth Sahib, na Arti ya huko hufanywa kwa taa zilizowashwa juu ya sinia. Kwingine hilo halikubaliki, na wanaopinga wana hoja nzuri: wimbo wenyewe wa Guru Nanak unasema mbingu ndiyo sinia, jua na mwezi ndizo taa. Watu wa Nanded huimba maneno yale yale, wakiwa wameshika taa.

Kwa nini sikukuu moja huadhimishwa mara mbili?

Kalenda. Mwaka 2003 ilianza kalenda mpya ya Nanakshahi, kazi ya Pal Singh Purewal aliyeishi Kanada, iliyofunga tarehe nyingi kwa mwaka wa jua. Mwaka 2010 ikabadilishwa, baadhi ya tarehe zikarudi kwenye mwezi. Sasa wapo wa kalenda ya kwanza, wapo wa iliyorekebishwa, wapo wa ile ya kale. Mwaka 2017 kuzaliwa kwa Guru Gobind Singh kuliangukia mara mbili, Januari na Desemba. Walaji wa halua hatukulalamika.

Wanawake wanaongoza ibada?

Kwa maandishi, ndiyo, kila kitu. Wanasoma, wanaimba, wanabatiza, na mwaka 1999 Bibi Jagir Kaur alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza kamati kuu inayosimamia gurudwara za Punjab. Lakini ndani ya Harmandir Sahib ya Amritsar, hekalu lenyewe la dhahabu, waimbaji ni wanaume. Bunge la Punjab liliomba mwaka 2019 wanawake waruhusiwe. Nimesikia sababu nyingi za kukataa na hakuna iliyonitosheleza.

Akikosea mkubwa, nani humwadhibu?

Akal Takht, na adhabu zake zingefaa kuigwa. Desemba 2024 Sukhbir Singh Badal, aliyewahi kuwa naibu waziri mkuu wa jimbo la Punjab, alihukumiwa kukaa mlangoni mwa hekalu akiwa na mkuki na kibao shingoni, kusafisha vyoo na kuosha vyombo. Alikaa kwenye kiti cha magurudumu, mguu umevunjika. Siku ya pili mtu mmoja alijaribu kumpiga risasi palepale, akazuiwa.

Na mpaka ule ukivukwa?

Birmingham, Desemba 2004, jumba moja la maonyesho lilicheza tamthilia ya mwandishi mwanamke Msikh yenye ubakaji na mauaji ndani ya gurudwara. Wazee waliomba mandhari yahamishiwe ukumbi wa kawaida, hawakukubaliwa. Mamia wakaandamana, vioo vikavunjwa, maonyesho yakasitishwa, na mwandishi akatishiwa maisha. Wasikh niliowauliza wamegawanyika: wengine huona mahali ndipo palipowaumiza, wengine husema mwandishi alisema lililofichwa.

Kwenye Kitabu hawagawanyiki. Kurasa za Granth zilipokutwa zimechanwa huko Bargari mwaka 2015, Punjab ilisimama, na polisi waliwaua waandamanaji wawili. Desemba 2021 mtu aliyeruka kizuizi ndani ya Harmandir Sahib na kushika upanga uliokuwa mbele ya Kitabu alipigwa na umati hadi kufa. Wapo Wasikh waliosema waziwazi kwamba kuua si heshima kwa Guru yeyote. Ningependa wangekuwa wengi zaidi.

Basi naweza kumtania rafiki yangu Msikh?

Mtanie kuhusu gari lake, mapishi yake, timu yake ya hoki, bei anazotaja dukani. Kilemba usikiguse kwa mkono, hata kwa mapenzi. Usiulize kama kinaoshwa. Kuhusu Kitabu, uliza maswali kadiri upendavyo. Mzaha uache aanze yeye, na hataanza.

Makindu naweza kula bila kutoa chochote, hata kama si Msikh?

Unaweza. Gurudwara ya Makindu, kwenye barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, ilijengwa 1926 na wafanyakazi wa reli, na inamlisha na kumlaza msafiri yeyote. Hawaulizi dini. Funika kichwa, acha sigara kwenye gari, chukua unachoweza kumaliza. Sanduku la sadaka lipo, ukitaka. Na chai ni tamu sana. Usiongeze sukari kabla ya kuonja.